Bei ya Shimo

Kazi yangu ni kuuza mashimo.
Nakata sakafu ya gereji kwa msumeno wa almasi,
nachimba, nashusha sanduku la chuma,
naziba kingo kwa zege, nafagia, naondoka.
Siku moja na nusu, kama ardhi haina mwamba.

Jumanne nilikwenda kwa Bi Verlene Stutts,
kaskazini mwa Oklahoma, mwisho wa njia ya changarawe.
Dereva mstaafu wa basi la shule.
Akanimiminia kahawa iliyolala,
akavuta karatasi yenye mistari.
"Taja polepole," akasema. "Naandika."

Sanduku la watu sita: dola elfu tatu na mia mbili.
Kuchimba: mia saba.
Kubeba udongo: mia na hamsini.
Kibali: arobaini na tano.
Kishikio cha ngazi, kwa ajili ya magoti yake: tisini.

"La watu wawili lipo?"
"Lipo. Linapungua mia nne tu."
"La mtu mmoja?"
Nikamwambia hakuna anayelitengeneza.
Akakitazama kiti cha pili, chenye koti la mwanamume mgongoni,
akaandika: sita.

Ruzuku ya jimbo ameiomba miaka mitatu.
Hutolewa kwa bahati nasibu; jina lake halijachomoka.
Basi msimu wa vimbunga hulala na viatu,
na king'ora kikilia hujilaza kwenye beseni la kuogea,
godoro juu, redio kifuani,
na mbwa asiyekubali kufunikwa.
"Mwaka jana upepo ulichukua ghala la akina Hofstetter,
ukaacha ngazi imesimama peke yake.
Ngazi ya kwendea wapi?"

Akaanza kutoa.
Akatoa meno; kwenye hesabu, nina maana,
ya kinywani yangengoja.
Akatoa matairi ya mbele.
Akatoa nauli ya kwenda Boise kumwona kitukuu.
Hesabu ikagoma.
Akalamba ncha ya penseli, akatoa tena.
Ikagoma.

Kisha akainuka, akafungua droo ya vijiko,
akaleta hati iliyokunjwa mara nne:
kiwanja makaburini, safu ya tisa,
ubavuni mwa Orval,
kimelipiwa chote wiki ile ile aliyozikwa.
"Shimo moja ninalo tayari," akasema.
"Elfu nne na ushei.
Halina ngazi,
na hakuna anayelifungua kutoka ndani."

Sikujua nicheke au nivue kofia.
Kofia nilikuwa nimeshaivua mlangoni.

Ijumaa alimuuzia shemeji yake.
Shemeji alilipa taslimu, macho yakiwa kwenye viatu vyake.
"Orval hatakosa wa kugombana naye,"
ndivyo alivyonieleza, akinihesabia noti
juu ya boneti la gari langu,
kila noti akiipapasa kwa kidole gumba
kana kwamba huenda zimegandana mbili.

Udongo wake ulikuwa mwekundu, mlaini, hauna jiwe.
Nilipomaliza nikashuka, nikajifungia,
kama nifanyavyo kila mara, kulijaribu komeo.
Giza. Harufu ya rangi mbichi.
Juu yangu mbwa anakwaruza chuma,
na sauti ya Bi Verlene: "Unapumua?"
"Napumua."
"Basi kaa kidogo. Nataka nijue hewa inatosha."
Nikakaa. Dakika kumi, labda kumi na mbili.
Nikawaza watu sita humu, magoti kwa magoti.
Nikamwaza mmoja.
Nikavuta komeo, likateleza,
na mwanga ukaja na uso wake.

Nyumbani kwangu hakuna shimo.
Mganga hajigangi.
Mke wangu, Twyla, ameniuliza bei mara mbili,
na mara zote mbili
nimemtajia ya wateja.